Kusalimu amri, kujisalimisha na kusalimisha silaha: Vitenzi vitatu na historia ya West Nile

Katika habari za vita zinazoandikwa kwa Kiswahili, kusalimu amri ni miongoni mwa vitenzi vinavyotumiwa sana na kupimwa kidogo. Waasi husalimu amri, miji iliyozingirwa husalimu amri, serikali husalimu amri mbele ya waandamanaji, na timu ya soka iliyofungwa mabao matatu nayo husemwa kuwa imesalimu amri. Kando yake husimama vitenzi viwili vya ukoo huohuo, kujisalimisha na kusalimisha, ambavyo mara nyingi huchukuliwa kuwa ni visawe vyake.

Si visawe. Anayesalimu amri huachia uamuzi wake, akakubali kuwa kuanzia hapo atafuata matakwa ya mwingine. Anayejisalimisha hutoa nafsi yake. Anayesalimisha hutoa kitu alichonacho, kama vile bunduki, hati au mateka. Mtu anaweza kufanya yote matatu kwa siku moja, lakini pia anaweza kufanya moja bila ya mengine, na hapo ndipo mwandishi asiyechagua neno lake kwa makini huandika jambo ambalo halikutokea.

Ni sehemu chache za Afrika Mashariki zinazoionyesha tofauti hiyo kwa uwazi kama West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Dranya ni kaunti ndogo katika wilaya ya Koboko, eneo la Wakakwa, ambao makazi yao yamegawanywa na mipaka ya nchi tatu: Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini. Koboko ilikuwa sehemu ya wilaya ya Arua hadi mwaka 2005 ilipopewa wilaya yake. Kwa zaidi ya miaka 20 kuanzia 1979, vita vilianza, vikakoma na kuanza tena katika eneo hili, na karibu kila vilipokoma lilizuka swali lilelile: je, waliotoka msituni walishindwa, walijitoa, au walirudi nyumbani?

Mzizi mmoja, matawi mengi

Vitenzi hivi vyote vinatokana na Kiarabu, katika mzizi wa konsonanti tatu, s, l na m, unaobeba maana za usalama, amani na ukamilifu. Kiswahili kimepokea kutoka hapo maneno mengi: salama, usalama, salamu, Uislamu, Mwislamu, kusalimu, kusalimia, kusalimiana, kusalimika, kusalimisha na kusilimu.

Kusalimu, kikiwa peke yake, ni kumpa mtu salamu. Kusalimiana ni kupeana salamu. Kusalimika ni kuokoka kutoka hatarini: abiria husemwa wamesalimika baada ya basi lao kupinduka. Kusalimisha ni umbo la kusababisha. Maana yake ya msingi ni kukifanya kitu kiwe salama, na kutoka hapo ikatokea maana ya kukifikisha au kukikabidhi kwa anayestahili kukipokea. Kikiongezewa kiambishi ji cha kujirejea, kinakuwa kujisalimisha.

Ndani ya kujisalimisha, kwa hiyo, zimo maana mbili zisizotengana. Ya kwanza ni kujitia mikononi mwa mwingine. Ya pili ni kujiweka salama. Msikilizaji wa Kiswahili huzisikia zote mbili, hata pale asipozifikiria. Mtuhumiwa anayejisalimisha kituo cha polisi huku umati wenye hasira ukimfuata nyuma anafanya yote mawili kwa hatua moja.

Kusalimu amri ni msemo, na haufasiriwi neno kwa neno. Hakuna anayeiamkia amri. Katika Kiarabu, neno amr lina maana mbili, agizo na jambo, na kumkabidhi mtu jambo lako ni kumwachia yeye uamuzi. Kiswahili kimeshikilia zaidi maana ya kwanza: amri ni agizo la mwenye mamlaka, na pia ni mamlaka yenyewe. Ndiyo maana mzungumzaji wa leo akisikia kusalimu amri hupata taswira ya mtu aliyeacha kushindana na anayesubiri kuelekezwa. Msemo huu una mshindi na mshindwa, wakati kujisalimisha kunahitaji tu mtoaji na mpokeaji.

Kusilimu ni tawi jingine la mti huu, na maana yake ni kuingia katika dini ya Kiislamu. Tofauti yake na kusalimu ni irabu moja tu. Katika maeneo kama Koboko na Yumbe, yenye Waislamu wengi, kosa la irabu hiyo katika taarifa kuhusu wapiganaji wa zamani si dogo: kusema kuwa kamanda fulani "alisilimu" ni kutoa habari ya imani yake, wala si ya bunduki yake.

Eneo lililozoea amri za wengi

Historia ya utawala katika eneo hili inaeleza kwa nini suala la nani anatoa amri halikuwa jepesi. Ardhi ambayo leo inaitwa West Nile ilikuwa sehemu ya eneo la Lado, lililokodishwa kwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji mwaka 1894. Baada ya kifo cha mfalme huyo mwishoni mwa 1909, Lado likawa chini ya utawala wa Sudan mwaka 1910, na sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda mwaka 1914. Kwa hiyo mkazi ambaye hakuwahi kuhama kijiji chake aliweza kuishi chini ya serikali tatu za kigeni katika muda wa miaka mitano.

Kiswahili kilifika huko kwa njia kadhaa, na mojawapo kubwa ilikuwa kambi ya jeshi. Vijana wengi wa West Nile waliandikishwa katika jeshi la wakoloni wa Uingereza, King's African Rifles, ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya kuamrishia askari. Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ulitoka Koboko, alipitia katika jeshi hilo. Akiwa rais, alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Pamoja na Kiswahili kulikuwa na Kinubi, lugha yenye asili ya Kiarabu iliyoletwa na askari kutoka Sudan katika karne ya 19, ambayo nayo ina maneno ya mzizi huohuo wa salamu na usalama.

Kwa wakazi wengi, basi, neno amri halikuwa la vitabuni. Lilikuwa neno la gwaride, la kizuizi cha barabarani na la lindo la usiku.

1979: Vita vilivyokwisha bila mtu kusalimu amri

Vita kati ya Tanzania na Uganda vilianza baada ya majeshi ya Amin kuivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na washirika wao wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Vita viliendelea kuelekea mashariki na kaskazini, na tarehe 3 Juni mwaka huo majeshi ya Tanzania yalifika mpaka wa Sudan, upande wa West Nile. Hapo ndipo vita hivyo huhesabiwa kuwa vilimalizika.

Katika hatua zote hizo hakukuwa na sherehe ya kusalimu amri. Hakuna jenerali wa Amin aliyekaa mezani na jenerali wa Tanzania kutia saini hati kwa niaba ya jeshi zima. Amin mwenyewe alikimbilia Libya na hatimaye akaishi Saudi Arabia, alikofariki mwaka 2003. Wapo askari wake waliotekwa na wapo waliojisalimisha mmoja mmoja, lakini wengi walivuka mipaka kwenda Sudan na Zaire wakiwa na silaha zao na familia zao.

Kwa lugha ya vitenzi vyetu, jeshi hilo lilishindwa, lakini halikusalimu amri, na sehemu yake kubwa haikujisalimisha. Sentensi inayosema "majeshi ya Amin yalisalimu amri mwaka 1979" ina mwaka sahihi na kitenzi kisicho sahihi. Kosa hilo lina uzito, kwa sababu linaficha kiini cha yaliyofuata. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walirudi kwa silaha kutoka ng'ambo ya mpaka, na Koboko ikawa miongoni mwa maeneo ya kwanza kushambuliwa. Jeshi ambalo lingekuwa limesalimu amri lisingerudi kwa namna hiyo.

Kwa nini wengi hawakujitoa

Kitenzi kujisalimisha kina sharti lisilosemwa wazi: lazima anayejitoa aamini kuwa upande wa pili utamweka salama. Sharti hilo likikosekana, kitenzi hupoteza nusu ya maana yake.

Baada ya mapigano ya 1980, askari wa jeshi la serikali mpya ya Uganda, UNLA, walilipiza kisasi kwa wakazi wa West Nile, kana kwamba kila mkazi alikuwa askari wa Amin. Tarehe 24 Juni 1981, raia waliokuwa wamekimbilia katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, walishambuliwa na askari hao na makumi kati yao wakauawa. Hawakuwa na silaha, na walikuwa mahali ambapo kila mmoja angetarajia kuwa ni pa amani. Sehemu kubwa ya watu wa mkoa huo iliishia ukimbizini Sudan na Zaire.

Mpiganaji aliyekuwa msituni wakati huo hakuwa na sababu ya kudhani kwamba mikono juu ingemwokoa. Sheria ya kimataifa ilikuwa wazi tangu zamani: Kanuni za The Hague za mwaka 1907 zinakataza kumuua au kumjeruhi adui aliyeweka silaha chini na kujitoa, na zinakataza pia kutangaza kuwa hakuna atakayebakizwa hai. Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, inamlinda kila anayeonyesha wazi nia ya kujisalimisha. Lakini sheria humfikia mpiganaji kupitia mwenendo wa askari anayemkabili, na mwenendo huo ndio uliowafanya wengi wabaki ng'ambo.

Vikundi vitatu, miisho mitatu

Kutoka katika mazingira hayo vilizaliwa vikundi vya wapiganaji ambavyo miisho yao ni somo zuri la matumizi ya maneno.

Kikundi cha kwanza, UNRF, kiliongozwa na Moses Ali, aliyewahi kuwa waziri wa Amin. Baada ya Yoweri Museveni kuingia madarakani Januari 1986, UNRF ilipatana na serikali mpya, na Moses Ali akapewa uwaziri. Hapa si sahihi kusema kusalimu amri wala kujisalimisha. Maneno yanayofaa ni kupatana na kujiunga.

Cha pili, WNBF, kilianza katikati ya miaka ya 1990 kikiongozwa na Juma Oris, naye aliyewahi kuwa waziri wa Amin. Kilikuwa na ngome zake Zaire na kusini mwa Sudan. Mwaka 1997, vita vilipobadilisha sura katika nchi zote mbili, kikundi hicho kilivunjika. Wapiganaji wake wengi waliuawa au kutekwa, na wengine walirudi Uganda wakajitoa. Kuna aliyetekwa na kuna aliyejisalimisha, na taarifa inayowajumuisha wote katika kitenzi kimoja inawanyima wasomaji jambo la msingi, yaani nani alichagua na nani hakuchagua.

Cha tatu, UNRF II, kilijitenga na WNBF mwaka 1996, na nguvu zake zilikuwa zaidi miongoni mwa watu wa Aringa, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Yumbe. Kiongozi wake alikuwa Ali Bamuze. Baada ya mazungumzo marefu, kikundi hicho na serikali ya Uganda vilitia saini mkataba wa amani mjini Yumbe tarehe 24 Desemba 2002. Wapiganaji walikusanyika Bidibidi, mahali ambapo tangu mwaka 2016 panajulikana duniani kwa makazi makubwa ya wakimbizi wa Sudan Kusini. Baadhi yao waliingizwa katika jeshi la taifa na wengine wakarejea uraiani.

Wapiganaji wa UNRF II walisalimisha silaha. Hilo ni kweli na laweza kuandikwa hivyo. Lakini hawakusalimu amri: waliweka silaha chini kwa mujibu wa mkataba uliokuwa na saini mbili, na wenye wajibu kwa pande zote mbili. Kumwambia mzee wa Yumbe au wa Dranya kwamba vijana wao walisalimu amri mwaka 2002 ni kumweleza kuwa mkataba ule haukuwa mkataba.

Ripota: Neno lililochaguliwa na sheria

Uganda ilipitisha Sheria ya Msamaha mwaka 2000. Sheria hiyo ilitoa msamaha kwa Mganda yeyote aliyeshiriki vita au uasi wa silaha dhidi ya serikali tangu tarehe 26 Januari 1986. Kilicho muhimu kwa mada hii ni namna ilivyomtaja mtu huyo. Haikumwita mshindwa, mateka, wala mwasi aliyesalimu amri. Ilimwita ripota, yaani mtu anayeripoti.

Kwa mwandishi wa habari neno hilo lina kichekesho chake, kwa kuwa ripota ni yeye. Lakini katika Uganda ya kaskazini na West Nile, neno ripota limekuwa jina la kawaida la mpiganaji wa zamani aliyerudi na kupewa cheti cha msamaha.

Sheria ilieleza hatua zake. Mtu anaripoti katika kikosi cha jeshi au kituo cha polisi kilicho karibu, au kwa chifu, kwa mjumbe wa kamati tendaji ya serikali ya mtaa, kwa hakimu, au kwa kiongozi wa dini wa eneo hilo. Kisha anaukana uasi na kuuacha. Halafu anasalimisha silaha yoyote aliyonayo. Mwishoni anapewa cheti. Aliye nje ya nchi aliruhusiwa kufanya hivyo katika ubalozi wa Uganda.

Ukisoma orodha hiyo kwa jicho la lugha, unaona kuwa kila tendo limepewa kitenzi chake. Kinachosalimishwa ni bunduki. Mtu mwenyewe anaripoti. Na anayempokea si lazima awe kamanda aliyepigana naye. Anaweza kuwa imamu, padri au mzee wa serikali ya mtaa anayemfahamu tangu utoto. Kwa hatua hiyo sheria iliondoa mshindi katika tendo lenyewe, na mshindi akiondoka, kusalimu amri nako kunaondoka.

Tume ya Msamaha ilifungua ofisi mjini Arua kwa ajili ya kuhudumia West Nile. Aliyerudi alipaswa kupatiwa cheti pamoja na fedha za kuanzia maisha, shilingi za Uganda 263,000, na vifaa vya nyumbani. Zaidi ya watu 26,000 kutoka vikundi mbalimbali nchini wamepata msamaha chini ya sheria hiyo. Kifungu chake cha kutoa msamaha kiliachwa kikome Mei 2012, kisha kikarejeshwa mwaka 2013.

Vyombo vya habari vya Kiswahili viliendelea kuandika "waasi wajisalimisha" kwa watu hao. Kati ya vitenzi vilivyopo, hicho ndicho kilicho karibu zaidi na ukweli, kwa sababu kinabeba hiari na usalama. Kuandika "wasalimu amri" kulikuwa ni kuirudisha vita katika habari ambayo sheria ilikuwa imeitoa humo.

Pale neno linapobishaniwa

Januari 2015, Dominic Ongwen, kamanda wa kundi la LRA aliyekuwa akitafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, alifika mikononi mwa askari wa Marekani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Maelezo ya namna alivyofika hayakulingana. Upande mmoja ulisema kuwa amejisalimisha. Wapiganaji wa Seleka walisema wao ndio waliomkamata, na wakadai zawadi ya hadi dola milioni 5 iliyokuwa imeahidiwa na Marekani kwa taarifa za kufanikisha kukamatwa kwake.

Kwa mfasiri wa habari, siku hiyo kitenzi hakikuwa suala la mtindo. Kuandika "amekamatwa" kulikuwa ni kuunga mkono dai moja, na kuandika "amejisalimisha" ni kuunga mkono jingine. Njia salama ilikuwa kuandika kile ambacho pande zote zilikubali, kwamba yuko mikononi mwa askari wa Marekani, na kuyanasibisha maelezo mengine na wasemaji wake. Ongwen, ambaye alitekwa na LRA akiwa mtoto, alipelekwa The Hague mwezi huohuo, akatiwa hatiani Februari 2021 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 25 mwezi Mei mwaka huo.

Kitenzi, hata hivyo, hakiamui kila kitu. Thomas Kwoyelo, kamanda mwingine wa LRA, alikamatwa mwaka 2009 katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Akiwa gerezani aliomba msamaha, jambo ambalo sheria iliruhusu hata kwa aliye kizuizini. Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliona anastahili kutendewa kama wenzake waliosamehewa, lakini mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba msamaha haufuniki uhalifu mkubwa dhidi ya raia. Mwaka 2024 alitiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha miaka 40. Uzito wa makosa ndio uliopimwa na mahakama, kuliko namna alivyopatikana.

Mifano kutoka kwingineko

Mvutano kuhusu neno hili si wa Uganda peke yake. Vita Kuu ya Kwanza vilipokwisha Ulaya Novemba 1918, jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa bado linapigana, likiwa na askari wengi Waafrika waliozungumza Kiswahili. Rasimu ya mkataba wa kusitisha vita ilitaka jeshi hilo lisalimu amri bila masharti. Wajumbe wa Ujerumani wakafanikiwa kubadilisha maneno, na kifungu cha 17 kikataja kuondoka. Tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, jeshi hilo lilisalimisha silaha zake kwa Waingereza. Lilifanya hivyo kwa kutii makubaliano ya serikali yake, bila ya kuwa limeshindwa katika uwanja wa mapigano.

Nchini Kenya, mwaka 1953, serikali ya kikoloni iliwatangazia wapiganaji wa Mau Mau kuwa anayetaka kujitoa atoke msituni akiwa na tawi bichi mkononi. Wachache waliitikia. Ishara ilieleweka vyema. Imani kwa waliokuwa wakiipokea ndiyo iliyokosekana.

Na tarehe 15 Agosti 1945, Mfalme Hirohito wa Japan alipowatangazia watu wake redioni mwisho wa vita, hotuba yake haikuwa na neno la kusalimu amri wala kushindwa. Ilisema kuwa serikali imekubali masharti ya tamko la nchi zilizokuwa zikipigana nayo. Tendo lilikuwa kusalimu amri kikamilifu, lakini msemaji aliepuka kulitaja jina.

Namna ya kutumia vitenzi hivi

Kusalimu amri hutumika pale upande mmoja unapoacha kupinga na kukubali kuwa chini ya matakwa ya mwingine. Mtenda anaweza kuwa mtu, kikosi, mji au nchi: "Kikosi kilichozingirwa kilisalimu amri baada ya siku nne." Hufuatwa na kwa au mbele ya: "walisalimu amri kwa jeshi la serikali." Haufai kusemwa "walisalimia amri", kwa kuwa kusalimia ni kuamkia. Wala msemo huu haukubali kutendwa. Hatusemi "amri ilisalimiwa". Anayelazimishwa husemwa amelazimishwa kusalimu amri.

Kujisalimisha hutumika kwa mtu au watu wanaojipeleka wenyewe: "Wapiganaji saba wamejisalimisha kwa mamlaka mjini Koboko." Hufuatwa na kwa, au mikononi mwa, au jina la mahali: "alijisalimisha kituo cha polisi." Kitenzi hiki hudai hiari, japo iwe hiari ya mtu aliyebanwa. Aliyeshikwa akikimbia hakujisalimisha, amekamatwa. Aliyechukuliwa vitani ametekwa.

Kusalimisha huhitaji kitu kinachotajwa: silaha, risasi, pasi ya kusafiria, mateka. "Wamesalimisha bunduki" ni sentensi kamili. "Wamesalimisha" peke yake humwacha msomaji akiuliza nini.

Kuweka silaha chini ni kuacha kupigana, bila kusema lolote kuhusu nani ameshinda. Kwa mikataba kama ule wa Yumbe, huo ndio msemo usiomdhulumu yeyote. Kunyoosha mikono hueleza ishara, na katika mazungumzo ya kila siku humaanisha kukiri kushindwa.

Katika siasa, kusalimu amri hutumika kwa sitiari, na sitiari hiyo nayo ina upande. Rais William Ruto wa Kenya alipokataa kutia saini Muswada wa Fedha tarehe 26 Juni 2024, kufuatia maandamano makubwa ya vijana, wapo waliosema amesalimu amri, na wapo waliosema amesikiliza wananchi. Kitendo ni kimoja. Kitenzi cha kwanza kinahesabu mshindi, cha pili kinahesabu msikivu. Taarifa isiyotaka kuhesabu yeyote itasema tu kwamba ameuondoa muswada. Katika soka hatari ni ndogo, lakini usahihi bado una nafasi yake: timu iliyopigana hadi kipenga cha mwisho ikafungwa bao moja imeshindwa, haijasalimu amri.

Kwa familia za West Nile ambazo ndugu zao walirudi na cheti cha Tume ya Msamaha, tofauti hizi zimo katika maisha ya kila siku. Mtu aliyeripoti kwa hiari, akasalimisha bunduki na kuanza kulima ana historia anayoweza kuwasimulia watoto wake. Akiandikwa kuwa alisalimu amri, anasimuliwa na mwingine, na anasimuliwa kama mshindwa. Kiswahili kina neno linalomtosha, na mwandishi anachohitaji ni kuuliza kwanza ni nini hasa kilichotolewa, kilitolewa kwa nani, na kwa ahadi gani.